Acheni Kuniambia Kotile Ni "Maisha ya Asili"

Wadau, wiki iliyopita niliweka video ya dakika moja na nusu. Ayeyo wangu anakamua ng'ombe kabla jua halijatoka. Mtungi wa njano uko kando yake, nyuma kuna nyumba ya mabati na kichaka cha kijani, na kwa mbali adhana inamalizika. Sikuongeza muziki. Niliandika tu "Asubuhi Kotile" nikaenda kunywa chai. Kurudi, simu ilikuwa inalia kama imepagawa.

Nilifurahi, sitadanganya. Lakini nilipoanza kusoma maoni nikaona neno moja linarudi rudi kama nzi kwa maziwa. Asili. "Haya ndiyo maisha ya asili." "Huku hakujabadilika kitu tangu enzi za mababu." Kuna kaka mmoja wa Nairobi aliandika kwamba angeacha kazi kesho aje aishi hivi, bila presha, vile Mungu alituumba. (Karibu sana kaka. Njoo Februari, katikati ya jilaal, na tafadhali beba maji.)

Nikampelekea ayeyo simu, nikamtafsiria maoni kwa Kisomali kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni. Akasikiliza yote. Halafu akacheka, kile kicheko cha wazee cha kufunika mdomo na mtandio. Akaniuliza, "Wariya, hapo ndani ya simu, ni kitu gani kilikuwepo nikiwa msichana?"

Nikasema ng'ombe. Akaniambia hata ng'ombe si wale. Wa kwake waliisha zamani, na waliokuja baada ya wale wakaisha pia. Hawa watatu tulinunua baada ya ukame uliopita, ule wa kuanzia 2020 ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. "Haya, toa ng'ombe. Kingine?"

Nikanyamaza. Tukaanza video upya, tukisimamisha kila baada ya sekunde chache, yeye akionyesha kwa kidole. Ninayoandika leo yanatoka kwa hicho kidole.

Kwanza, kwa wasiojua tuko wapi. Kotile iko kusini mwa kaunti ya Garissa, pande za Ijara, upande wa mashariki wa mto Tana, ukishuka chini ya Masalani. Ng'ambo ya mto ni kaunti ya Tana River, kwa Wapokomo na Waorma. Ukitafuta jina la Garissa mtandaoni kitu cha kwanza utakutana nacho ni tarehe 2 Aprili 2015 na wanafunzi wa chuo kikuu, watu 148 waliouawa siku ile. Ukiendelea kushuka utapata Shifta, halafu ukame, halafu mafuriko, halafu ukame tena. Hiyo yote ni kweli na lazima iandikwe. Lakini angalia vile tumegawanywa: kuna historia, ambayo ni siku za kufa, na kuna "maisha ya kijijini", ambayo eti hayana tarehe. Bibi anakamua ng'ombe tu, leo na miaka mia iliyopita. Hapo ndipo ninakataa. Siku ya kawaida ya Kotile imejaa tarehe kuliko kitabu cha shule.

Tuanze na kile kichaka cha kijani nyuma ya ayeyo. Watu wamekisifu sana, "mazingira asilia", "nature". Jamani, hiyo ni mathenge. Mti huo asili yake ni Amerika. Uliletwa Kenya na kupandwa miaka ya 1970 na 1980 sehemu kama Baringo, Bura na Hola, nia ikiwa kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukazuia kila kitu isipokuwa jangwa. Unafunga njia za mifugo, unaziba sehemu za kushukia mtoni, miiba yake inatoboa tairi ya boda mpaka na kiatu, na mbuzi wakila sana maganda yake wanaoza meno. Ayeyo alikuwa na wajukuu tayari ndipo akauona kwa mara ya kwanza. Mimi nimezaliwa ukiwepo, kwa hivyo kwangu ni sehemu ya nyumbani, na ndiyo maana sikuuona hata nilipokuwa naupiga picha.

Mtungi wa njano. Huo ulikuja na mafuta ya kupikia ya dukani, mafuta yakaisha, mtungi ukabaki kuwa wa maji. Kabla yake, kwa maziwa na maji kulikuwa na dhiil na haan, vyombo vya kusukwa kwa nyuzi za mizizi na miti, ambavyo ndani vilifukizwa kwa kijinga cha moto. Moshi ule ndio uliokuwa friji yetu. Maziwa yalikaa siku kadhaa na yakawa na ladha ambayo ayeyo akiielezea unaona anaitafuta mdomoni. Katikati, kati ya dhiil na mtungi wa plastiki, kulikuwa na debe: madebe ya bati ya mafuta ya msaada, yenye maandishi na bendera. Ayeyo bado ana moja, analitumia kupimia mahindi. Ukitaka historia ya njaa za hapa kwetu bila kusoma ripoti, ingia jikoni kwa bibi yeyote uhesabu madebe.

Na hiyo chai niliyoenda kunywa? Msomali bila chai ya maziwa na sukari asubuhi anaumwa kichwa, ungedhani tulizaliwa nayo. Lakini majani yanatoka huko juu kwenye milima ya kina Murang'a, na ayeyo anasema mama yake hakuijua chai mpaka akiwa mtu mzima. Asubuhi yao ilikuwa maziwa. Kitu kimoja hunifurahisha nikikifikiria: majani yale yanamea kwenye milima ile ile inayomwagia maji mto Tana. Kwa hivyo kikombe changu kinapata maji na majani kutoka sehemu moja, ila majani yanakuja kwa lori na maji yanakuja kwa miguu yake mwenyewe.

Mchana tunakula basto. Hiyo ni ya Waitaliano, kila mtu anajua, lakini watu husahau iliingiaje. Mpaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza kama sisi. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi Italia, na ghafla binamu wa upande ule wakawa watu wa nchi nyingine wanaokula tambi. Mstari ulichorwa Ulaya, chakula kikarudi kwetu na wafanyabiashara na wake wa kuoa. Ayeyo hula basto kwa ndizi, na ukimwambia ni chakula cha wazungu anakuangalia vibaya.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ayeyo aliacha kucheka.

Nyumba ya mabati mliyoiona si ya kwanza yake. Alipoolewa alikuwa na herio, nyumba ya fito zilizopindwa kama mbavu na kufunikwa mikeka. Inabomolewa asubuhi, inapakiwa kwa mnyama, jioni inasimama mahali pengine. Mama na shangazi zake walisuka mikeka hiyo miezi mingi kabla ya harusi. Na muhimu zaidi: ilikuwa yake. Mwanamume aliyekasirika ndiye aliyetoka nje akalale na mifugo, si mwanamke. Siku mabati yalipokuja na viwanja kupimwa, katika familia yetu kila karatasi iliandikwa jina la mwanamume. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Ilitokea tu, na leo tukiongea juu ya "mila zetu" za nani mwenye nyumba, tunaongea juu ya kitu kilichoanza na misumari.

Lakini kwa nini watu wa kuhama waliacha kuhama? Jibu la shuleni ni maendeleo. Jibu la ayeyo ni askari.

Wakoloni walianza. Mwaka 1926 wilaya zote za kaskazini, NFD, zilifanywa eneo lililofungwa: huingii na hutoki bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maofisa nguvu ya kuamua kabila gani likae wapi na linyweshe wapi, na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mtu mmoja. Kwetu sisi wa Tana walijaribu kuufanya mto uwe ukuta, Wasomali wabaki mashariki na wasivuke na ng'ombe wao. Fikiria ng'ombe mwenye kiu akielezwa hivyo.

Halafu uhuru. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku 16 baadaye, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya wale waliotaka kujiunga na Somalia. Kwa Wakenya wengine mwezi huo ni wa bendera. Kuanzia 1966 serikali ikaanza kukusanya watu katika vijiji vya kulindwa, na aliyekutwa nje na mifugo yake alihesabiwa Shifta. Sasa wewe mfugaji, weka ng'ombe mia sehemu moja bila kuhama uone watakula nini wiki ya tatu. Wengine walikufa kwa njaa na magonjwa ndani ya boma, wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi. Waborana wa Isiolo wana jina la kipindi hicho, gaf daba, wakati wa kusimamishwa. Mimi sijasikia jina lililo sahihi zaidi ya hilo. Mtu wa kuhama alisimamishwa.

Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi, na vita vikasemekana vimeisha. Lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Hesabu: miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku zilipotangazwa aliweza kuoa na kupata watoto wake ndani yake. Na mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyofanya kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Tume ya ukweli na maridhiano ilirudia haya yote katika ripoti yake ya 2013, na ripoti hiyo imekaa kabatini tangu wakati huo.

Kwa hivyo ayeyo akisikia neno "kijiji" hasikii vile wewe unavyosikia. Wewe unasikia kuku na upepo. Yeye anasikia filimbi. Kwake, alipokuwa msichana, Kotile palikuwa mahali pa kunyweshea, si pa kulala: unashuka mtoni, ng'ombe wanakunywa, unaondoka kabla mbu hawajaamka. Kulala mahali pamoja mwaka mzima, kuwa na jirani yule yule, kuwa na duka, shule, msikiti wa mawe, chifu anayejua jina lako, hayo ni mapya. Mengine ni mazuri sana, naomba nieleweke. Bila shule mimi singekuwa naandika hapa. Ayeyo mwenyewe hataki kurudi kwenye kuhama, magoti hayamruhusu, na anaipenda paipu ya maji kuliko kitu chochote isipokuwa wajukuu. Lakini usimwite mtu "wa asili" kwa sababu amekaa mahali ambapo nguvu ilichangia kumkalisha.

Nimeongea sana juu ya askari, acha nirudi mtoni.

Katika video mto hauonekani lakini kila kitu pale kinauelekea. Zamani za ayeyo, soko lilikuwa mtumbwi. Mpokomo anavuka na ndizi, mahindi, maembe na mchele, Msomali anashuka na maziwa, samli na ngozi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vizuri, kwa hivyo wakakutana katikati kwa Kiswahili, na ndiyo sababu ayeyo anaweza kuhesabu, kubisha bei na kutukana kwa Kiswahili, lakini hawezi kusimulia ndoto. Mamba alichukua mtu mara kwa mara. Hakuna aliyemwandika mamba kwenye ripoti ya usalama.

Mto wenyewe ulikuwa na saa zake. Ulifurika mara mbili kwa mwaka, kufuata mvua za huko juu milimani. Maji yakipanda, kila mtu anasogea. Yakishuka, Mpokomo anapanda mpunga kwenye tope, na nyasi zinaota kwenye tambarare ambazo ng'ombe wetu watakula jilaal ikikausha kila kitu kingine. Mafuriko hayakuwa janga. Yalikuwa kalenda, yakichelewa ndipo watu wanaogopa.

Kisha mabwawa yakajengwa juu: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa, na ndilo linalozuia maji ya mvua ili mitambo ya chini izunguke mwaka mzima. Nairobi ikapata umeme. Sisi tukapata mto usiojua tena ni mwezi gani. Mafuriko madogo ya kila mwaka, yale ya kuleta rutuba, yakapungua. Makubwa, yale ya kubeba nyumba, yakabaki, kwa sababu mvua ikizidi bwawa linajaa na kumwagika. Mwisho wa 1997 El Niño ilileta maji, na baada ya maji homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu hapa Garissa. Mwisho wa 2006 ikarudi. Novemba 2023 mto ulipanda tena, na Aprili na Mei 2024 ukapanda zaidi. Ayeyo anasema zamani mafuriko yalikuwa mgeni wa kila mwaka anayejulikana anakula nini, siku hizi ni mtu anayevunja mlango. Yeye mwenyewe anawasha taa ya sola usiku. Nyaya za mto wake hazijawahi kumfikia.

Sasa turudi kwa lile neno, kwa sababu najua kuna mtu anasema, "Wewe kijana, watu wamekusifu tu, mbona unakuwa mkali?"

Nakuwa mkali kwa sababu hapa kwetu neno "asili" lina damu. Nani wa asili pande hizi za Tana? Uliza upande wowote utaambiwa, "Sisi." Ukweli ni mgumu zaidi, na naanza na watu wangu. Katikati ya karne ya 19 ardhi kati ya Juba na Tana ilikuwa ya Waorma, wafugaji wa asili ya Oromo. Wasomali waliwapiga miaka ya 1860, wakawasukuma, na mwanzoni mwa karne ya 20 mifugo yetu ilikuwa inakunywa Tana. Hiyo ndiyo historia yetu na siwezi kuipaka rangi. Lakini Waorma nao walitoka kaskazini. Wapokomo, ambao wamelima kingo hizi muda mrefu kuliko sisi sote tunaobishana, wenyewe husimulia kwamba walitoka Shungwaya. Na kabla ya wote kulikuwa na wawindaji, Waata na Waaweer, ambao hawajawahi kuitwa kwenye mkutano wowote wa mpaka.

Leo kuna ubishi kati ya Garissa na Tana River: mpaka ni mto, au ni maili tatu mashariki ya mto? Watu wazima, wenye digrii, wanabishana kwa ramani. Ng'ambo, kwenye delta, mwaka 2012 ugomvi wa malisho, maji na mashamba kati ya Wapokomo na Waorma uliua zaidi ya watu 100 katika miezi michache, watoto wakiwemo. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba mwenzake ni mgeni. Kwa hivyo ukiandika "hawa ndio watu wa asili" chini ya video ya bibi yangu, wewe unatoa sifa, lakini kuna mtu ng'ambo anasoma kama hati ya shamba.

Na lina upande mwingine. Nilipoenda kuomba kitambulisho nikiwa na miaka 18, niliketishwa mbele ya meza ya wazee na maofisa, nikaulizwa, "Asili yako ni wapi?" Nikajibu Kotile. "Hapana, asili." Nikarudi mara tatu. Baba yangu aliulizwa swali hilo hilo mwaka 1989, wakati Wasomali wote wa Kenya walipopekuliwa na kupewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kadi hiyo bado anayo, ameifunga kwa nailoni. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuufuta ukaguzi wa vitambulisho kwa watu wetu, na mimi nitaamini nikimwona mdogo wangu anapata chake kwa safari moja. Cha ajabu ni kwamba mbele ya meza ile sisi si wa asili kabisa, na kwenye video sisi ni wa asili kupita kiasi. Kote kuwili hakuna anayeuliza tumepitia nini.

Kuna mmoja tu ninayekubali aitwe wa asili, na ana pembe. Hirola. Swala huyo haishi porini popote duniani isipokuwa hapa kwetu na upande wa pili wa mpaka, tukiacha kundi dogo lililopelekwa Tsavo. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Sasa wako chini ya 500. Mwaka 1996 serikali ilianza kuwahamisha wengine kwenda Tsavo. Watu wa Garissa wakafanya kitu ambacho nikiwaambia vijana hawaamini: wakaenda Mahakama Kuu Nairobi kuzuia, na jaji akawasikiliza, akakubali kwamba kwa desturi wenye haki ya ardhi wana haki pia ya vilivyo juu yake, wanyama wakiwemo. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa miaka mitano tu. Watu ambao walikuwa hawawezi kutoka bila kibali walienda kortini kwa ajili ya swala.

Baadaye Kotile na majirani zake kina Hara na Korisa wakatenga ardhi, ikawa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na Agosti 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya eneo lenye ua ili wazaane bila kuliwa. Wamezaana. Ni mwezi ule ule wa 2012 ambao delta ilianza kuungua, na mimi huziweka tarehe hizo mbili pamoja kichwani bila kujua nifanye nazo nini. Wakosoaji wa hifadhi wapo, hata nyumbani kwetu wapo: ua ni ua, na mtu aliyewahi kufungiwa huangalia ua kwa jicho lingine. Binamu yangu ni askari wa wanyama pale. Anaamka saa kumi na moja, anakunywa chai ile ile, anaenda kuhesabu. Hiyo nayo ni maisha ya kijijini, na ina mshahara mwisho wa mwezi unaotumwa kwa simu.

Basi Jumamosi nilirudi kwa ayeyo kumwomba turekodi nyingine. Nikamwambia safari hii aseme mwenyewe. Akakataa kukamua. Alisema ng'ombe wameonekana vya kutosha, na kwamba kama nataka kitu cha zamani nimletee fito.

Nikaleta. Akakaa chini ya mwarobaini, akaanza kupinda na kufunga, akinionyesha mifupa ya herio. Wasichana wa nyumbani wakaja kuangalia, hakuna aliyejua hata fundo moja, dada yangu mkubwa akiwemo, ambaye ni mama wa watoto wanne. Mikono ya ayeyo inatetemeka siku hizi lakini ikishika kamba haitetemeki. Mara mbili alivunja fito akalaumu fito.

Alipofika juu, pale mbavu zinapokutana, alifunga fundo la ajabu, linaloingia lenyewe mara mbili. Nikasogeza simu karibu. Nikamuuliza, hili ni la Kisomali kabisa, sivyo?

"Hili?" akasema, akivuta kamba kwa meno. "Hili alinifundisha mwanamke wa Kiorma, mwaka wa njaa. Tulikuwa tunalala boma moja."

Video ina dakika 12 na sijaikata. Nimeiweka leo asubuhi.